Mzee ametia dole gumba. Je, ameridhia?

Mwaka juzi, Jumatano asubuhi, ami yangu mwenye umri wa miaka 81 alipakiwa kwenye Probox, akapelekwa mjini, akakalishwa mbele ya meza na kuulizwa swali moja: "Mzee, unakubali?" Akajibu, "Naam." Kidole chake gumba kikapakwa wino na kubandikwa kwenye karatasi tatu. Alirudi magharibi akiwa na shilingi elfu kumi ndani ya mfuko wa kanzu. Mkewe alipomuuliza alikotoka, alisema alikwenda kumzuru rafiki yake mgonjwa. Rafiki huyo alikuwa ameshafariki miaka sita nyuma. Shamba la minazi, ekari nne kasoro kidogo, lilikuwa limeuzwa.

Nimeanza na kisa cha nyumbani kwetu, lakini msomaji wa Pwani hana haja ya kusimuliwa sana. Tangu Vanga hadi Lamu, kila ukoo una chake. Hati miliki zimetolewa kwa wingi miaka ya karibuni, na nyingi zimeandikwa jina la mzee. Barabara ikipita, bandari ikijengwa, mzee ambaye jana hakuna aliyemjulia hali leo ana wageni wanaomletea sukari na unga. Tukisikia habari hizi, jambo la kwanza tunalouliza ni nani tapeli. Swali hilo lina mahali pake, na polisi wapo. Mimi leo nataka kuuliza jingine: tunajuaje kwamba mzee ameelewa analolifanya? Nani anampima, kwa maswali gani, na kwa lugha ipi? Nimegundua kwamba hatupimi. Tunakisia, na mara nyingi tunakisia kwa kufuata maslahi yetu.

Tulichukue neno "naam" kwanza. Kwetu sisi naam ni adabu kabla ya kuwa ni kukubali. Mzee akiitwa na mgeni aliyevaa suti, ofisini kwa watu, hasemi "sijakuelewa, rudia." Anasema naam. Mzee asiyesikia vizuri naye husema naam ili asionekane kiziwi. Na anayesahau hujifunza kusema naam mapema sana, kwa sababu ndilo neno linalomfichia aibu yake. Karani akilisikia, anaandika kwamba muuzaji ameridhia.

Sheria haikukusudia hivyo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka anayethibitisha sahihi au alama ya kidole ahakikishe kwamba mwenyewe ameitia kwa hiari yake. Vyeti ambavyo mawakili hutia muhuri mara nyingi huwa na maneno kwamba mhusika "alionekana kuelewa yaliyomo." Alionekana kwa nani, na baada ya kuulizwa nini? Hapo cheti kiko kimya.

Turudi kwa ami. Siku tatu kabla ya safari ile alikuwa na homa, mkojo unamchoma, na usiku akizungumza na watu ambao sisi hatuwaoni. Binamu yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, alimnunulia vile vidonge vya mafua vya rangi ya njano vinavyoleta usingizi. Hatukujua kwamba kwa mtu wa umri ule, maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kuanza kujionyesha kichwani kabla ya kwingine kokote. Madaktari huiita hali hiyo deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla, kwa saa au siku chache, leo afadhali na kesho vibaya. Hatukujua pia kwamba dawa za mafua za aina ile huzuia kemikali ambayo ubongo huitegemea katika kukumbuka, na kwamba mzee akizitumia anaweza kuchanganyikiwa zaidi. Aliyempeleka mjini huenda naye hakujua. Aliona tu kwamba siku hiyo mzee hana ubishi.

Tulimpeleka hospitali, akatibiwa maambukizi, vidonge vile vikatupwa. Baada ya wiki mbili alikuwa amerudi kuwa mtu tunayemjua, si mzima wote, kwa kuwa kumbukumbu yake ilikuwa imeshaanza kupungua tangu zamani, lakini anajua yuko wapi na yuko na nani. Nikamuuliza kama angependa kuuza shamba. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Mama yangu amezikwa pale. Niuze na kaburi?"

Mtu ni yule yule, shamba ni lile lile, na tofauti ni siku 14. Angeahirishiwa tu, akaambiwa "Mzee, rudi mwisho wa mwezi ukipata nafuu," kesi iliyopo mahakamani leo isingekuwepo. Familia iliwahi kuweka zuio kwenye sajili ya ardhi, na hilo nawashauri wengine wasilichelewe, lakini kubatilisha mkataba ni kazi ya miaka. Anayedai kwamba mzee hakuwa na uwezo wa kuamua ndiye anayepaswa kuthibitisha, na mara nyingi hutakiwa kuonyesha pia kwamba upande wa pili ulijua hali hiyo au ulipaswa kuijua. Tunao ushahidi wa hospitali wa siku tano baadaye. Wa siku yenyewe hatuna.

Mpaka hapa, msomaji, nimekaa upande wa wema. Sasa nisimulie kisa cha pili, ambacho ndani yake mimi ndiye mkosa.

Nyanya yangu mzaa mama ana miaka 84. Ana nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vinne amepangisha. Mwaka jana alitangaza kwamba kodi ya vyumba viwili anataka iwe wakfu kwa madrasa ambayo yeye mwenyewe aliwasomesha wasichana kwa zaidi ya miaka 30. Sisi wajukuu tuliguna. Nyanya alikuwa anauliza jambo moja mara tano ndani ya saa moja. Alishapoteza pesa mara tatu, na mara moja aliweka birika tupu jikoni hadi likaungua. Tukakubaliana kwamba huyu hawezi tena kuamua mambo ya mali. Barua ya kuomba daktari athibitishe hivyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu.

Tulimpeleka kliniki moja ya mjini, Alhamisi jioni baada ya sala ya magharibi, maana ndio wakati sisi tulikuwa na nafasi. Daktari alikuwa kijana mpole. Alikuwa na fomu ya Kiingereza na binamu yangu akawa mkalimani. Ulikuwa ni ule mtihani maarufu uliotungwa Marekani na Folstein na wenzake mwaka 1975, wenye alama 30, kisha akaongezewa zoezi la kuchora saa. Nyanya alipata 13. Sisi tukafurahi. Naona haya kuliandika neno hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Karatasi ile ilikaa kwangu miezi miwili. Siku moja nikaisoma, si jumla ya alama bali majibu yenyewe.

Aliulizwa leo ni siku gani. Akasema Ijumaa. Akakosa. Lakini jua lilikuwa limekwisha kuzama, na kwa hesabu aliyolelewa nayo siku huanza magharibi: ule ulikuwa ni usiku wa Ijumaa. Aliulizwa mwezi, akasema Mfungo Sita, na mwaka akataja wa Hijria. Akakosa. Aliulizwa majira, akasema demani, jibu ambalo nahodha yeyote wa jahazi angelipa alama zote. Akakosa. Akaambiwa aliendeleze neno moja la Kiingereza kinyumenyume, herufi kwa herufi. Nyanya hakukanyaga shule ya Kiingereza hata siku moja. Akaambiwa arudie sentensi ambayo kwa Kiingereza ni ya kuupima ulimi, na ambayo ikitafsiriwa neno kwa neno kwa Kiswahili haina maana kabisa. Aliposita, alama ikakatwa.

Zoezi la saa ndilo lililonikalia kooni. Binamu yangu alimfasiria: "Chora saa, uonyeshe saa kumi na moja na dakika kumi." Nyanya akachora duara safi, akaweka mkono mfupi kwenye tano na mrefu kwenye mbili. Kila Mswahili anajua kwamba hiyo ndiyo saa kumi na moja na dakika kumi, wakati wa alasiri kukaribia kutoka. Fomu ilitaka mkono mfupi uwe kwenye kumi na moja. Mkalimani wetu alikuwa ametafsiri tarakimu na kuiacha saa, na kosa hilo likaandikwa jina la nyanya.

Mwisho aliambiwa aandike sentensi yoyote aitakayo. Nyanya huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wake wote. Daktari hakuweza kuisoma, akaweka sifuri. Mimi madrasa nilisoma, nikaisoma. Ameandika: "Nina kiu, nipeni maji."

Sisemi kwamba nyanya ni mzima. Palikuwa na maneno matatu aliyoambiwa ayashike, na baada ya dakika chache hakukumbuka hata moja. Hapo hapakuwa na kosa la lugha wala la kalenda. Baadaye ilithibitika kwamba ana dimenshia katika hatua ya mwanzo. Lakini zile 13 zilichanganya mambo mawili, ugonjwa wake na ugeni wetu kwenye fomu ile, na mtu anayetazama jumla peke yake hawezi kuyatenganisha. Hata mtihani mwingine unaotumika sana siku hizi, ule wa Montreal uliochapishwa mwaka 2005, ambao kwa kawaida alama 26 kati ya 30 huhesabiwa kuwa salama, humwongezea alama moja tu mtu aliyesoma miaka 12 au chini yake. Alama moja kwa mtu ambaye hakuenda shule hata siku moja!

Na si kwamba haiwezekani kupima wazee wetu kwa haki. Jirani zetu walishafanya. Katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kifupi kwa ajili ya wazee wasiojua kusoma wala kuandika. Badala ya kuchora kwa kalamu, mzee hupanga njiti za kiberiti kufuata umbo alilowekewa. Huulizwa pia mambo anayoishi nayo, na kutajiwa maneno ya kukumbuka. Kipimo hicho hakihitaji daktari bingwa wala mashine, na mhudumu wa afya aliyefunzwa anaweza kukitumia chini ya mwembe. Utafiti wa huko Hai ulikuta kiasi cha asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi wana dimenshia. Kwa hiyo ugonjwa upo Afrika Mashariki, si wa Wazungu peke yao kama wengine wanavyodhani barazani.

Lakini hata kipimo kizuri namna gani hujibu swali moja tu: kumbukumbu na fikra zimepungua kiasi gani? Hakijibu lile tulilokwenda nalo kliniki, kwamba nyanya anaweza au hawezi kuamua juu ya vyumba vyake viwili. Tuliyaona maswali haya kuwa ni mamoja. Mtu anaweza kusahau chakula cha mchana na akajua vizuri sana nani amrithi nini. Mwingine akataja tarehe, siku na jina la Rais bila kukosea, lakini ukimwambia atie sahihi aachie nyumba asielewe kwamba kesho hatakuwa na pa kulala.

Dada yangu mdogo, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyekataa karatasi ile. Alimleta daktari wa makamo, mzaliwa wa huku, aliyekuja nyumbani saa tatu asubuhi nyanya akiwa ameshakunywa chai na kuvaa miwani yake. Alitutoa sote nje, na mimi wa kwanza. Alichokifanya kilichukua chini ya saa moja, na nimekuja kufahamu kwamba ndicho kinachofundishwa kote wanakolichukulia jambo hili kwa uzito. Alitafuta vitu vinne. Je, mama huyu anaelewa habari anazopewa na anaweza kuzieleza kwa maneno yake mwenyewe? Anatambua kwamba jambo hili linamhusu yeye, na litampata nini? Anaweza kupima faida na hasara na kutoa sababu? Na anaweza kuchagua na kulisema chaguo lake?

Nyanya alimweleza kwamba wakfu hauuzwi wala haurudi. Alieleza kwamba kodi ya vyumba viwili vilivyobaki itamtosha, akataja na kiasi, akakosea shilingi mia mbili. Alipoulizwa kama wajukuu hawatachukia, alisema, "Wameshachukia." Alipoulizwa kwa nini madrasa na si wao, alisema wao wamesomeshwa na wana kazi. Daktari akazungumza naye habari za maradhi ya magoti kwa nusu saa, kisha akamuuliza tena tangu mwanzo. Nyanya alikuwa amesahau kabisa kwamba ameshaulizwa. Majibu yakawa yale yale.

Daktari aliandika kwamba ana ugonjwa wa kusahau, na kwamba kwa uamuzi huu, siku hiyo, ana uwezo. Aliandika pia kwamba kuhusu kushika pesa taslimu na kupika peke yake anahitaji msaada. Karatasi moja, majibu mawili. Sisi tulikuwa tumezoea kwamba mtu ama ni timamu ama ameruka akili.

Mahakama zililijua jambo hili kabla yetu. Ile kesi ambayo majaji wa Kenya bado huitaja wanapopima wasia, Banks dhidi ya Goodfellow, iliamuliwa Uingereza mwaka 1870. John Banks alikuwa akiamini kwamba anaandamwa na mashetani, na kwamba mtu fulani aliyekwisha kufa anamsumbua. Ungemkuta mtaani kwetu, wangesema ana majini na kumtafutia mganga. Lakini alipoandika wasia wake alijua anafanya nini, ana mali gani, na nani wana haki ya kutazamiwa, na yale mashetani hayakuwa na mkono katika kugawa kwake. Wasia ukasimama. Sheria ya Urithi ya Kenya nayo huanza kwa kumdhania kila mtu mzima kuwa timamu, na anayesema vinginevyo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kwa Waislamu, urithi na wasia huenda kwa sharia, na huko pia tahadhari si ngeni. Atoaye akiwa katika maradhi ya mauti hawezi kupitisha theluthi. Aya ndefu ya deni katika Suratul Baqara imemtaja asiyeweza kuimlisha mwenyewe, na kumpa msimamizi wa kusema kwa niaba yake kwa uadilifu. Na aya ya 6 ya Suratun Nisaa inataka mayatima wapimwe kabla ya kukabidhiwa mali, na wengi wa wanazuoni walifahamu kwamba kupimwa huko ni kwa kutazamwa wanavyoendesha shughuli yenyewe. Hakuna aliyesema waambiwe waliendeleze neno kinyumenyume.

Kuna jambo zito zaidi, na siwezi kuandika makala ya wazee wa Pwani nikaliruka. Kilifi na sehemu za Kwale wazee wanauawa kwa kuitwa wachawi. Kule Kaya Godoma, Ganze, kuna wazee waliokimbilia hifadhi baada ya kutishwa na watu wa damu yao. Watetezi wao wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya neno uchawi kuna shamba. Nakubaliana nao. Lakini tazama pia dalili zinazotajwa kama ushahidi: anatembea usiku, amekutwa uani kwa watu alfajiri, anazungumza peke yake, amevua nguo, haitambui nyumba yake, anawaita wajukuu kwa majina ya wafu. Mhudumu wa afya akisikia orodha hiyo anafikiria dimenshia, deliriamu, au mzee aliyeshuka sukari. Anayelitaka shamba anasikia ushahidi wa kutosha. Mzee huyo akipimwa mapema kijijini, na jirani wakaelezwa kwamba huu ni ugonjwa, mwenye shoka ananyang'anywa kisingizio. Sidai kwamba kipimo kitamzuia kila muuaji. Nadai kwamba ukimya wetu juu ya ugonjwa huu una watu wanaoutumia.

Basi tufanye nini? Kifungu cha 57 cha Katiba kinataka wazee waishi kwa heshima, wasidhulumiwe, na wapate uangalizi wa familia na wa Serikali, lakini pia washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Watu hulisahau hilo la mwisho. Kumlinda mzee kwa kumnyang'anya kila uamuzi ni dhuluma nyingine yenye sura nzuri, na mimi niliifanya.

Bodi za kudhibiti ardhi zinapoketi, muuzaji huitwa. Pale pale panatosha. Mwenyekiti amtoe nje mnunuzi, dalali na hata mtoto aliyemleta mzee. Aulize maswali yasiyojibika kwa naam: Mzee, umekuja kufanya nini leo? Unauza kipande kipi? Nani ananunua? Kwa bei gani, na pesa zitakaa wapi? Ukishauza utalala wapi? Nani atakasirika? Ukikataa itakuwaje? Majibu yaandikwe kama alivyosema mwenyewe. Mzee akibabaika, shauri liahirishwe na aende hospitali, kwa kuwa huenda ni kisukari, homa ya mkojo, dawa, au masikio tu. Hili halihitaji sheria mpya wala bajeti. Mawakili wanaweza kulianza kesho ofisini mwao. Wale walio waaminifu litawasaidia siku wakiitwa mahakamani kutoa ushahidi.

Hospitali za kaunti zinahitaji kazi kubwa kidogo: fomu ya Kiswahili iliyojaribiwa huku kwetu, si iliyofasiriwa na binamu, inayojua mifungo, demani na saa zetu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, watafiti wa afya wako huko huko. Wataalamu wa lugha tunao wa kutosha kuwapa na majirani.

Na familia. Pale ambapo mzee hawezi tena kabisa, sheria ya afya ya akili inaruhusu Mahakama Kuu kumteua msimamizi wa mali yake, naye anapaswa kuitolea hesabu mali ile. Njia hiyo ni ndefu na ina gharama, ndiyo maana wengi hujiteua wenyewe sebuleni. Wanaotegemea karatasi ya uwakala aliyowapa mzee zamani wajue kwamba kwa kanuni ya kawaida uwakala huanguka pale aliyeutoa anapopoteza uwezo wa akili. Mazungumzo hayo ni ya kufanywa mapema, mzee akiwa bado anaweza kukukatalia. Wengi tunayaona kama kumtabiria mtu kifo. Kwetu hatukuyafanya, si kwa ami wala kwa nyanya.

Shamba la ami limefungwa na kesi, nazi zinaanguka na kuota. Yeye mwenyewe kuna siku anajua kwamba kuna kesi na kuna siku hajui.

Wakfu wa nyanya ulikamilika, mashahidi wawili, daktari mmoja. Ijumaa iliyopita nilikwenda kumwamkia. Aliniuliza nimekuja na gari gani. Nikamwambia matatu. Akaniuliza tena, nikamjibu tena, mara tatu. Mara ya nne nilijitayarisha kumjibu lile lile, akauliza, "Kodi ya vyumba viwili mmepeleka madrasa?" Nikasema tumepeleka, nyanya, tangu tarehe tatu.

"Risiti iko wapi?"